Boksi la Dracula: nani yumo, nani hayumo, na kwa nini

Boksi la diski za Blu-ray ambalo Universal, studio ya Hollywood, ililitoa mwaka 2017 kama mkusanyo kamili wa Dracula lina filamu saba. Mnunuzi mgeni akilifungua hukutana na mambo matatu ya kumchanganya. Filamu mbili kati ya hizo zina jina moja, mwaka mmoja wa 1931 na majumba yaleyale, lakini waigizaji ni wengine kabisa na mazungumzo ya moja ni ya Kihispania. Filamu ya mwisho ni kichekesho. La tatu ndilo linalouma: wale aliowafuata hawamo. Hayumo Christopher Lee, Dracula wa kampuni ya Hammer ya Uingereza, mwenye macho mekundu, wala yule kipara wa filamu bubu ya Nosferatu, mwenye masikio ya popo na kucha ndefu, ambaye picha yake iko kila mahali.

Wengi hudhani kampuni imewapunja. Haijawapunja, walau si kwa hilo. Boksi la filamu za kale halipangwi na mwanahistoria wa sinema. Linapangwa na wanasheria wa hakimiliki, kisha watu wa ghala wanaulizwa ni mikanda gani imesalimika. Kinachobaki baada ya maswali hayo mawili ndicho kinachofungwa kwa karatasi ya nailoni na kupewa bei. Kwa hiyo anayetaka kuelewa kwa nini hakuna boksi moja lenye vampaya, wafu wanyonya damu, wote wa zamani, afuate umiliki kwanza, halafu afuate mikanda yenyewe.

Waliomo

Riwaya ya Bram Stoker ilitoka London mwaka 1897. Universal ilipopata haki za kuitengenezea filamu mwaka 1930, ilichukua pia haki za tamthilia zilizotokana nayo, na tamthilia hizo ndizo zilizotupa Dracula tunayemjua. Katika riwaya ni mzee mwenye masharubu meupe na pumzi inayonuka. Jukwaani ilibidi apokelewe sebuleni na watu wa heshima, basi akavishwa suti ya jioni na joho. Hamilton Deane alianza kumwonyesha hivyo Uingereza mwaka 1924. John L. Balderston akaiandika tamthilia upya kwa ajili ya Broadway mwaka 1927, na huko ndiko Bela Lugosi, mzaliwa wa mji wa Lugoj ambao leo uko Romania, alipolizoea joho lile. Filamu iliyoongozwa na Tod Browning ikazinduliwa New York Februari 1931. Lugosi alilipwa dola 500 kwa wiki, kwa wiki saba.

Sasa ile pacha yake ya Kihispania. Sinema ilikuwa imeanza kuongea miaka michache tu kabla, na ufundi wa kuingiza sauti ya lugha nyingine juu ya picha ulikuwa bado mbovu. Filamu bubu ilikuwa rahisi kuipeleka Mexico au Argentina, kwani kilichobadilishwa ni maandishi ya kwenye skrini tu. Filamu inayoongea ilikwama mpakani. Studio kadhaa zikaamua kupiga filamu moja mara mbili. Browning na watu wake walifanya kazi mchana. Walipoondoka, mtayarishaji Paul Kohner aliingiza kikosi cha usiku chini ya mwongozaji George Melford, mtu asiyejua Kihispania, aliyefanya kazi kwa mkalimani. Carlos Villarías akashuka ngazi zilezile alizoshuka Lugosi, na Lupita Tovar, msichana wa Kimexico aliyekuja kufariki mwaka 2016 akiwa na miaka 106, akaumwa shingo katika kitanda kilekile.

Kikosi cha usiku kiliweza kutazama picha zilizopigwa mchana, kikajua wapi pa kuboresha. Kamera yao inatembea zaidi, nguo za kina dada zimelegezwa zaidi, na filamu ina dakika 104 dhidi ya 75 za Lugosi. Wako wanaoapa kwamba ya Kihispania ndiyo bora. Mimi nakubaliana nao nusu njia: kwa kamera, ndiyo, lakini Villarías anakodoa macho pale ambapo Lugosi ananyamaza tu na chumba kizima kinapoa.

Filamu hiyo ya usiku ilikaribia kupotea. Negativu, yaani mkanda mama wa kunakilia, iliyobaki Universal ilikuwa imeoza sehemu moja, na pengo likazibwa kwa nakala iliyotunzwa katika hifadhi ya filamu ya Cuba. Ndipo mwaka 1992 ikauzwa kwenye kanda za VHS na watu wa kawaida wakaiona. Inafaa kulikumbuka hilo kila mtu anapolalamika kwamba picha ya sehemu fulani imefifia kuliko nyingine: pengine sehemu hiyo imetoka nchi nyingine, kwenye nakala nyingine kabisa.

Filamu nne zinazofuata nitazipita haraka. Dracula's Daughter ya 1936 inaanzia palepale ya kwanza ilipoishia, na Gloria Holden anaibeba peke yake. Son of Dracula ya 1943 ina Lon Chaney Jr. anayejiita Alucard, ficho ambalo mtoto wa darasa la tatu angelifichua kwa kulisoma jina kinyumenyume. House of Frankenstein ya 1944 na House of Dracula ya 1945 zinarundika majitu yote nyumba moja, John Carradine akiwa ndiye Kabaila Dracula. Kisha kile kichekesho cha 1948, Abbott and Costello Meet Frankenstein. Kimo kwenye boksi kwa sababu nzuri: ni mara ya pili, na ya mwisho, Lugosi kumwigiza Dracula mwenyewe kwenye filamu ndefu. Ajabu ni kwamba anaigiza kwa makini, wachekeshaji wakihangaika pembeni yake.

Hapa kuna mtego wa mkusanyaji. Filamu hizo za majitu mengi ni za Dracula, ni za Frankenstein na ni za mtu-mbwamwitu kwa pamoja. Mwaka 2004 Universal ilipotoa maboksi ya DVD ya kila jitu, sambamba na filamu mpya ya Van Helsing, yule mwindaji wa Dracula, iliyokuwa ikiingia kumbi za sinema, iliigawa hadithi: House of Frankenstein ikaenda boksi la Frankenstein, House of Dracula ikaenda la Dracula. Aliyenunua boksi moja akapata nusu ya kisa. Katika maboksi ya baadaye kosa hilo lilisahihishwa kwa kupitiliza, kwani filamu hizo mbili pamoja na kichekesho ziliwekwa katika maboksi yote matatu. Aliyekusanya Dracula, Frankenstein na mtu-mbwamwitu ana nakala tatu za kila moja, na ameilipia kila moja mara tatu. Atakaye kila kitu bora anunue lile boksi kubwa la filamu 30 lililotoka kwa Blu-ray mwaka 2018. Na kama anapenda mapambo kuliko filamu, lipo lile la Uingereza la 2012 lenye umbo la jeneza, ambalo Dracula ndani yake ni mmoja tu kati ya filamu nane.

Lugosi wa kampuni nyingine

Lugosi hakuvaa chonge kwa Universal tu. (Kwa kweli Universal hawakumvisha chonge kabisa; tazama tena uone kama utaona jino.) Mwaka 1935 aliigiza Mark of the Vampire ya MGM, mwongozaji akiwa yuleyule Browning. Mwaka 1943 aliigiza The Return of the Vampire ya Columbia, akiwa na joho, jeneza na kila alama ya Dracula isipokuwa jina, maana jina lilikuwa la Universal na Columbia wasingethubutu kulitumia. Filamu za MGM za enzi hiyo ziliishia mikononi mwa Warner kupitia kampuni ya Ted Turner. Za Columbia ni mali ya Sony. Hivyo filamu tatu za mtu mmoja, zenye uso mmoja na joho moja, ziko katika maghala matatu ya kampuni zinazoshindana. Hakuna mchoro wa boksi utakaozikutanisha bila mikataba ya kuazimana, na mikataba hiyo hugharimu kuliko faida inayotarajiwa kwenye filamu za miaka themanini iliyopita.

Uso wenyewe nao ulifikishwa mahakamani. Katika miaka ya 1960 Universal ilikuwa ikitoa vibali vya kutumia sura ya Lugosi kama Dracula kwenye bidhaa, naye alikuwa amekwisha kufariki tangu 1956. Mjane wake na mwanawe wakashtaki kwamba sura ile ni urithi wao. Walishinda mwanzoni, wakashindwa kwenye rufaa, na mwaka 1979 Mahakama ya Juu ya California ikakata shauri: haki ya mtu kunufaika na sura yake, kama hakuitumia kibiashara alipokuwa hai, hufa naye. Miaka michache baadaye jimbo likatunga sheria ya kuwapa warithi haki hiyo. Kwa hiyo hata picha ya kwenye jalada la boksi, unayoiona kama pambo, ina historia yake ya kesi.

Tena usidhani kilichomo kimetimia. Dracula ya 1931 ilipoonyeshwa mara ya kwanza, ilimalizika kwa Edward Van Sloan, aliyemwigiza Van Helsing, kujitokeza mbele ya pazia na kuwaambia watazamaji kwamba mambo haya yapo kweli duniani. Filamu iliporudishwa kwenye kumbi mwaka 1936, kanuni za maadili za Hollywood zilikuwa zimeshika makali. Hotuba ile ikakatwa, na miguno ya Dracula anapochomwa kigingi ikazimwa. Miguno imerudi katika matoleo ya baadaye. Hotuba haikurudishwa. Nadhani ni hasara ndogo kwa filamu na kubwa kwa historia, maana ndiyo iliyoonyesha jinsi mwaka 1931 walivyokuwa bado hawajaamua kama wanamtisha mtazamaji au wanamtania.

Filamu iliyohukumiwa kuchomwa

Sasa yule kipara. Nosferatu ilizinduliwa Berlin Machi 4, 1922, katika ukumbi wa marumaru wa bustani ya wanyama. F. W. Murnau aliiongoza, Henrik Galeen aliandika, Max Schreck aliigiza, na kampuni ya Prana, iliyoanzishwa mwaka mmoja tu nyuma, ililipia. Hawakununua haki za riwaya. Walibadilisha majina, Dracula akawa Orlok, na London ikawa mji wa Kijerumani uitwao Wisborg, halafu wakaandika kwenye utangulizi wa filamu kwamba imetokana na Dracula ya Bram Stoker. Sijawahi kuona mwizi anayeacha anwani yake namna hiyo.

Florence Stoker, mjane wa mwandishi, aliishi kwa mapato ya kitabu kile. Akashtaki kwa msaada wa chama cha waandishi cha Uingereza. Ujerumani na Uingereza zote zilikuwa chini ya mkataba wa Berne wa hakimiliki, kwa hiyo kesi ilikuwa nzito. Prana ikafilisika, hapakuwa na fedha ya kumlipa. Mjane akaacha kudai fedha akadai filamu yenyewe, na mwaka 1925 mahakama ya Ujerumani ikaamuru nakala zote ziteketezwe pamoja na negativu.

Amri ya mahakama ya Berlin haikuzifikia nakala zilizokwisha kuvuka mpaka. Zilibaki Ufaransa na kwingineko, zikanakiliwa, nakala zikanakiliwa tena. Marekani mambo yalikuwa tofauti kabisa, kwa sababu Stoker hakukamilisha masharti ya hakimiliki ya nchi hiyo na riwaya ikahesabiwa kuwa mali ya umma. Ndiyo maana Nosferatu iliweza kuuzwa huko na mtu yeyote mwenye mashine ya kudurufu, na ndiyo maana ukienda sokoni leo utakuta matoleo kadhaa yenye jalada tofauti, ubora tofauti na hata majina tofauti ya wahusika: katika nakala nyingi za Kimarekani Orlok amerudishiwa jina la Dracula.

Tofauti hizo si za mapambo. Chukua ile sehemu maarufu ambapo Orlok anapita mjini amebeba jeneza lake kwapani. Katika nakala za bei rahisi, zenye rangi nyeusi na nyeupe tupu, anatembea katika jua la mchana. Dakika chache baadaye jua lilelile linamuua. Mtazamaji anacheka, anasema hawa watu wa kale walikuwa hawajui kazi. Walijua sana. Mikanda ya picha ya wakati ule haikuweza kunasa kitu usiku, kwa hiyo sehemu za usiku zilipigwa mchana, kisha nakala ya kuonyeshwa ikachovywa kwenye rangi: buluu kwa usiku, manjano kwa mchana na taa, waridi kwa mapambazuko. Ukiiondoa buluu, umeuondoa usiku. Urejeshaji uliofanywa na wakfu wa Friedrich-Wilhelm-Murnau chini ya Luciano Berriatúa mwaka 2005 na 2006 ulitegemea nakala ya Kifaransa ya 1922 iliyokuwa bado na rangi zake, na hapo ndipo usiku uliporudi Wisborg. Jambo la jua kumuua vampaya, kwa njia, lilianzia filamu hii hii. Dracula wa Stoker hutembea mchana barabarani, amepungukiwa nguvu tu.

Kasi nayo. Filamu bubu hazikupigwa kwa fremu 24 kwa sekunde kama za sauti. Nosferatu ikionyeshwa kwa fremu 18 huchukua dakika 94 hivi. Mkanda uleule ukikimbizwa kwa 24 unaisha kwa dakika 70 na ushee, na watu wanatembea kama wamekanyaga makaa. Kwa hiyo dakika zilizoandikwa nyuma ya jalada zinakuambia mengi kabla hujalipa. Na muziki unaousikia si wa siku ya uzinduzi moja kwa moja. Ule wa Hans Erdmann umepotea kwa sehemu kubwa, na kila toleo limepatiwa wake. Toleo la taasisi ya filamu ya Uingereza lina muziki wa James Bernard, aliyeuandika katika miaka ya 1990 akiwa mzee. Ni yuleyule aliyempa Christopher Lee ngurumo zake mwaka 1958.

Umiliki wa Nosferatu Ulaya ulikuwa na saa yake. Huko ulinzi huhesabiwa miaka 70 tangu afariki wa mwisho kati ya waundaji wakuu. Murnau alifariki kwa ajali ya gari California mwaka 1931, lakini Galeen mwandishi aliishi hadi 1949, na hivyo ulinzi ulifika mwisho wa 2019. Filamu imekuwa ya umma. Kazi ya urejeshaji, muziki mpya na manukuu mapya ni habari nyingine.

Jirani yake ni Vampyr ya Carl Theodor Dreyer, 1932, ambayo nitaitaja kwa ufupi ingawa kwangu ndiyo inayotisha kuliko zote. Aliyeilipia, Baron Nicolas de Gunzburg, ndiye pia aliyeigiza mhusika mkuu kwa jina la bandia, Julian West. Ilipigwa kwa lugha tatu, ikazomewa Berlin, wakaguzi wa Ujerumani wakakata kifo cha daktari ndani ya kinu cha unga, na negativu hazipo. Kilichouzwa kwa miaka mingi ni urejeshaji wa Martin Koerber uliounganishwa kutoka nakala za Kijerumani na Kifaransa. Ule ukungu kwenye picha si uchakavu. Walipiga kupitia kitambaa chepesi kwa makusudi. Wasioambiwa hurudisha diski dukani.

Na London After Midnight ya Browning, 1927, usiitafute. Nakala ya mwisho iliyojulikana iliteketea katika moto wa ghala la MGM mwaka 1965. Mikanda ya zamani ilikuwa ya naitreti, kitu kinachowaka kwa hasira na hakizimwi kwa maji. Kinachouzwa ni picha mnato zilizopangwa kwa mfuatano wa hadithi, kazi ya mwaka 2002. Lon Chaney, baba wa yule Jr., anatabasamu pale na meno yake yote, hasogei.

Damu ya Hammer

Kwa upande wa Uingereza, mkusanyaji anahitaji subira na ramani. Kampuni ya Hammer ilitoa Dracula yake mwaka 1958, Terence Fisher akiiongoza, Christopher Lee na Peter Cushing wakikabiliana, na damu ya Dracula kwa mara ya kwanza ikiwa nyekundu kwelikweli. Marekani ikaitwa Horror of Dracula ili isichanganywe na ya Lugosi. Mfululizo ukafika filamu tisa kufikia 1974, Lee akiwa katika saba. Hammer ilikuwa kampuni ndogo yenye studio pale Bray, kando ya mto Thames, na ilitengeneza kila filamu kwa fedha za msambazaji aliyepatikana wakati huo. Msambazaji aliyelipia ndiye aliyeondoka na haki. Mara Universal, mara Warner, mara EMI.

Matokeo yake ni fujo. Ya 1958, pamoja na za 1968 na 1972, ziko Warner. The Brides of Dracula ya 1960, ambayo Dracula mwenyewe hayumo, iko Universal. Dracula: Prince of Darkness ya 1966, ile ambayo Lee hasemi hata neno moja, na Scars of Dracula ya 1970 hutolewa Uingereza na StudioCanal. Ya mwisho, The Legend of the 7 Golden Vampires, ilitengenezwa kwa ubia na Shaw Brothers wa Hong Kong, ina kungfu, na Lee aliikimbia. Boksi lolote lenye neno Hammer juu yake, basi, ni la msambazaji mmoja tu. Soma orodha kabla ya kushangilia.

Ya 1958 ina kisa chake cha mkanda. Bodi ya wakaguzi ya Uingereza iliikata kabla ya kuipa cheti cha X, cha watu wazima tu, na kwa miaka mingi mashabiki walisimuliana kwamba Japani ilipelekewa toleo kali zaidi. Wengi walilichukulia kama porojo. Mwaka 2011 nakala hiyo ikapatikana katika hifadhi ya taifa ya filamu Tokyo. Moto wa 1984 ulikuwa umeharibu sehemu yake, zikabaki roli za mwisho, nazo ndizo zilizokuwa zikitafutwa: Dracula akimbusu mwanamke aitwaye Mina kwa ukaribu usiopendeza wakaguzi, na mwishoni akijikwangua ngozi ya uso jua linapompata. Vipande hivyo vikaingizwa katika urejeshaji na kutoka kwenye Blu-ray ya Uingereza mwaka 2013. Diski ya Warner iliyouzwa Marekani mwaka 2018 haina vipande hivyo. Ina rangi zinazopendwa zaidi na wengi, kwa sababu ile ya Uingereza ilionekana kuwa na ubuluu mno. Kwa hiyo filamu moja, ya mwaka mmoja, inamtaka shabiki awe na diski mbili: moja ya kuona kila kitu, nyingine ya kuiona vizuri. Nani alisema hobi hii ni ya watu wenye akili timamu?

Kabla hujaagiza

Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa ana kikwazo kingine. DVD ziligawanywa kwa kanda za dunia: Marekani na Kanada kanda ya 1, Ulaya na nchi za Ghuba ya 2, sehemu kubwa ya Afrika ya 5. Ndugu aliyeko Minneapolis akikutumia boksi la Universal la 2004, mashine yako isiyofunguliwa kanda italikataa. Aliyeko Muscat akikutumia lake la Kiingereza, litakataliwa vilevile. Kwenye Blu-ray mambo ni afadhali kidogo, kwani Afrika imewekwa pamoja na Ulaya katika kanda ya B, hivyo diski za Uingereza hucheza huku bila ugomvi. Za Marekani ni A, ingawa baadhi hazifungwi. Diski za 4K, zenye picha kali zaidi, hazina kanda kabisa. Dracula ya Lugosi ilitolewa kwa mfumo huo mwaka 2021.

Ukiona DVD ya Ulaya inasema Dracula ni ya dakika 72 badala ya 75, hujaibiwa. Mfumo wa PAL hukimbiza fremu 25 kwa sekunde badala ya 24, na dakika tatu zikayeyukia humo, sauti ya Lugosi ikipanda kidogo. Ukiona mistari myeusi kulia na kushoto, hujaibiwa pia. Picha ya miaka ile ilikuwa karibu mraba. Ukiona kwenye menyu sauti ya ziada yenye vinanda vya nyuzi mwanzo mwisho, huo ni muziki wa Philip Glass uliotolewa 1999. Filamu asilia ina muziki wa Tchaikovsky mwanzoni, kidogo kwenye jumba la muziki, kisha kimya. Isikilize kwa kimya chake kwanza.

Ramani hii ya umiliki inaelekea kubadilika. Kwa sheria ya Marekani filamu ya 1931 hulindwa miaka 95, hivyo ulinzi wa Dracula ya Lugosi na pacha wake wa Kihispania unaishia na mwaka 2026. Kuanzia Januari 1, 2027, yeyote nchini humo anaruhusiwa kuzitoa, ili mradi asichukue muziki wa Glass, maelezo ya wataalamu na nyongeza nyingine zenye wenyewe. Tarajia mvua ya diski za bei poa zilizodurufiwa kutoka popote. Aliyefanya kazi ya maana ataandika nyuma ya jalada picha imetoka kwenye nakala gani. Kwa mara ya kwanza kampuni isiyo Universal itaweza kumweka Lugosi, Villarías na Orlok katika boksi moja bila kumwomba mtu kibali. Dracula's Daughter itabaki imefungwa hadi mwisho wa 2031. Lee wa 1958, hadi mwisho wa 2053.